Kikundi cha huduma tukipime kwa wiki ya arobaini, si kwa siku ya picha

Wiki iliyopita tuliongea kuhusu umanjano wa watoto wachanga, lakini meseji nyingi nilizopata zinauliza kitu kingine kabisa: dada nesi, kikundi chetu kinataka kuja kutembelea wodi ya wazazi, tulete nini? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Sabuni, pedi, nguo za mtoto, na pampasi zile ndogo kabisa za wachanga (za kilo tisa mnazoleta zinakaa stoo). Haya, hilo limeisha. Sasa niseme ninavyoona mimi, mtanisamehe.

Hivyo vitu vinasaidia, sivibezi hata kidogo. Wapo akina mama wanaokuja kujifungua na khanga moja, na hiyo moja ndiyo wamejifunga. Shida yangu ni ratiba, halafu ni kamera.

Ratiba kwanza. Ikikaribia tarehe 8 Machi tunapokea vikundi mpaka tunawapangia zamu. Desemba hivyo hivyo. Fulana mpya, bango, keki. Halafu kuanzia katikati ya Machi hadi Novemba, kimya. Mama anayejifungua Agosti naye anatumia sabuni, jamani.

Kamera ndiyo inaniuma zaidi. Mtu ametoka kufanyiwa upasuaji, hajafunga vizuri kifua, nywele hazijachanwa, mnamshikisha beseni na kumwambia atabasamu. Atakataa vipi na wewe umesimama kitandani kwake na zawadi mkononi? Na kitanda cha tatu kutoka pale yuko mwenzake aliyempoteza mtoto alfajiri, anawasikiliza mkiimba. Tukiwaambia mnatuona wanesi tuna roho mbaya. Tangu 2022 nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na habari za afya ya mtu ni katika zile zinazolindwa zaidi. Najua mtaniambia picha ndiyo inavuta wafadhili. Sawa, piga picha maboksi, piga picha risiti, piga picha mashuka mapya yakiwa yametandikwa kabla mgonjwa hajalala. Mama mwacheni.

Sasa niwape mfano wa chama kilichokaa kwenye jambo moja mpaka likaeleweka. Wengi mmewahi kuona alama ya gurudumu la Rotary kwenye vibao vya visima au shule. Chama hicho kilianzia Chicago mwaka 1905, wanaume wanne wakikutana kwa zamu ofisini kwa huyu na kwa yule, ndiyo maana kikaitwa hivyo. Vilabu vyake vingi vimezoea kukutana kila wiki. (Wanawake waliruhusiwa rasmi mwaka 1989 tu, ikabidi kwanza kesi ifike mahakama kuu ya Marekani. Ningependa kujua walikuwa wanaogopa nini.) Mwaka 1985 waliamua kuchangisha fedha za kumaliza polio. Hawakusema tutatoa chanjo Jumamosi moja tupige picha. Wameendelea kuchangisha, wakishirikiana na serikali za nchi na mashirika ya afya ya dunia. Tanzania mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili alikuwa mwaka 1996, tukathibitishwa kuwa huru mwaka 2015, na Afrika nzima Agosti 2020. Hesabu mwenyewe: miaka 35.

Na hata hapo kazi haikuisha. Mwanzoni mwa 2022 Malawi ikatangaza mtoto mwenye polio, na mwaka huo huo ndipo mlipoona wenzetu wakipita nyumba kwa nyumba na yale makasha ya baridi, wakiwapa matone watoto wa chini ya miaka mitano. Mwaka uliofuata aina nyingine ya kirusi cha polio ikaonekana Rukwa. Ugonjwa unarudi ukiacha kuufuata, ndio ulivyo.

Mtasema dada nesi, wale ni watu wa mahotelini, wanaongea Kiingereza, sisi wa Mbezi Luis tutawezaje? Mimi nasema chombo tayari mnacho. Kikoba. Hapa kwetu, kuanzia Makabe mpaka Msakuzi na Malamba Mawili, ni mama gani hana kikoba au hana jirani mwenye kikoba? Mnakutana kila wiki, mna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mna kasha lenye makufuli matatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Asiyefika anapigwa faini. Vyama vingi vya watu wenye suti havina nidhamu hiyo. Na ndani ya kasha kuna ile fedha ya mfuko wa jamii.

Fedha hiyo inaenda wapi? Misibani. Rambirambi, turubai, mchele. Sisemi tuache kuzikana, mimi pia ni mtu wa huku. Lakini inanishangaza kwamba mtu akishafariki tunapata laki mbili ndani ya saa moja, na usiku ule alipokuwa anatoka damu akiwa hai tulikuwa tunabishana na dereva wa bajaji kuhusu bei. Watu 30 wakiweka shilingi 500 kila wiki ni 15,000. Kwa mwaka ni 780,000. Ni nauli za usiku za akina mama wangapi hizo, hata mvua ikiwa imeharibu barabara na dereva akitaja bei anayotaka? Na kabla hata ya nauli, kila mwanakikundi aijue namba 115 ya m-mama, kupiga ni bure, ni kwa ajili ya dharura ya mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga.

Kipo kikundi kimoja huku kwetu, sikitaji kwa sababu wenyewe hawapendi kutajwa. Wanakutana Jumamosi saa nne chini ya mwembe. Kabla ya kununua hisa, katibu anauliza maswali mawili: nani anakaribia kujifungua, na kadi ya mtoto wa nani imepitwa na tarehe. Taarifa yao ya wiki hii nimeletewa, ni fupi mno: wajawazito wawili wamepewa namba ya dereva wa usiku, watoto watatu wamepelekwa chanjo, wanaume wanne wamekwenda kutoa damu, mmoja akarudishwa kwa sababu shinikizo la damu lilikuwa juu (na hakuwa anajua, sasa anatibiwa). Basi. Hakuna keki. Wiki iliyopita taarifa ilikuwa inafanana na hii, na ijayo itafanana. Ukiisoma unaweza kusinzia. Mimi nikiisoma nafurahi mpaka nacheka mwenyewe.

Hizo kadi msizichukulie poa. Matone ya polio ni anapozaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na hiyo ya 14 kuna na sindano ya polio. Surua na rubela ni miezi 9, halafu miezi 18. Hiyo ya miezi 18 ndiyo inayosahaulika sana, kwa sababu mtoto anatembea, ana meno, mama amerudi kwenye biashara yake stendi, anaona kliniki imeisha. Haijaisha. Jirani mmoja wa kukumbusha kila Jumamosi anafanya kazi kubwa kuliko bango letu la ukutani.

Nirudi kwenye damu, maana ndiyo sababu hasa ya kuandika leo. Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa vinavyoua zaidi akina mama nchini. Haisubiri. Kizazi kikigoma kujikaza, ndani ya dakika chache unaona damu imefika sakafuni, na hapo dawa tunatoa, tunakanda tumbo, lakini kuna wengine bila damu ya kuongezewa hawavuki. Sasa sikilizeni hili: damu nzima iliyotolewa inakaa kwenye jokofu siku 35 hivi, baada ya hapo haitumiki. Kwa hiyo damu mliyotoa kwa shangwe tarehe 8 Machi, katikati ya Aprili imekwisha, ama imetumika ama imemwagwa. Mama wa Mei hakuachiwa kitu. Na wachangiaji wetu wakubwa ni wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, jokofu linaanza kuonyesha ukuta wake wa nyuma. Ramadhani pia inapungua.

Ndiyo maana nikisikia kikundi kinataka kuleta watu mia kutoa damu siku moja nashukuru, halafu naomba kitu kigumu zaidi: leteni wanne. Wanne mwezi huu, wanne wengine mwezi ujao, wanne mwezi wa tatu, kisha wale wa kwanza wanarudi, kwa sababu mwanaume anaruhusiwa kutoa kila baada ya miezi mitatu. Mwanamke ni kila miezi minne. Mjamzito na anayenyonyesha hapana, ninyi pumzikeni, mmeshatoa vya kutosha.

Katibu aende maabara ya hospitali iliyo karibu aulize siku na saa ya kupokea wachangiaji, aandike kwenye daftari la kikoba majina ya mwezi mzima, kama mnavyoandika marejesho. Asiyekwenda apigwe faini, mbona kwenye hisa mnaweza.

Na akina baba mnaosoma hapa kwenye simu za wake zenu (nawajua), hii ni yenu. Umri miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, uwe umekula na umekunywa maji. Dakika za kutoa hazizidi za kunyoa ndevu. Soda utapewa. Ukiulizwa umekuja kwa ajili ya mgonjwa gani, sema bado hajafika.