Onyesha Njia: Lumbesa ya Mang'ola na Hisabati ya Darasa la Saba

Mwezi uliopita nilipata nafasi ya kuketi dawati la nyuma katika darasa la saba la shule moja ya msingi wilayani Karatu. Shule sitaitaja, maana nitakayoyasema hayaihusu hiyo peke yake. Somo lilikuwa Hisabati, mada ujazo wa maumbo. Mwalimu, kijana mwenye bidii na sauti ya kuwatosha wanafunzi sabini na kitu, alichora ubaoni mche mstatili, akaandika urefu sentimita 12, upana sentimita 8, kimo sentimita 5. Darasa zima likaitika kwa wimbo: urefu mara upana mara kimo! Jibu la sentimita za ujazo 480 lilipatikana kabla vumbi la chaki halijatua.

Nikaomba ruhusa ya kuuliza swali moja. Nikaliinua boksi la chaki lililokuwa mezani pa mwalimu, nikauliza: na hili je, ujazo wake ni kiasi gani? Kimya. Baada ya muda binti mmoja akanyoosha mkono, akasimama, akasema kwa adabu: "Shikamoo mwalimu. Hilo halijaandikwa vipimo."

Jibu lile limenikaa kichwani tangu siku hiyo. Binti hakukosea. Katika miaka yake saba ya shule, umbo ni mchoro wenye namba pembeni. Kisichoandikwa namba hakina ujazo. Rula alikuwa nayo ndani ya mkebe wake, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba rula na kanuni ile ya wimbo ni ndugu.

Simlaumu mwalimu, na naomba msomaji naye asifanye haraka ya kumlaumu. Mwalimu anafundisha kile kinachopimwa. Mwaka 2012 Baraza la Mitihani lilileta katika mtihani wa darasa la saba karatasi za kujibia zinazosomwa na mashine, na Hisabati nayo ikawa ya kuchagua herufi. Faida za usahihishaji zilikuwepo, siwezi kuzikataa. Lakini tazama lililoipata aljebra. Mpe mtoto mlinganyo rahisi, 3x + 5 = 20, kisha mpe majibu ya kuchagua. Mtoto mwerevu hataanza na kutoa 5 pande zote mbili. Atalichukua kila jibu, alipachike mahali pa x, na atakapopata 20 atasiliba herufi na kusonga mbele. Huo ni ujanja halali, hata mimi ningeufanya. Ila aljebra haimo. Aljebra ni kukikamata kitu usichokijua, ukakipa jina, kisha ukakilazimisha kwa hatua za haki kijitaje chenyewe. Anayeletewa jibu mlangoni likiwa miongoni mwa majibu mengine hana haja ya hatua hizo. Walimu wetu wa zamani waliandika juu ya kila swali maneno mawili: "Onyesha njia." Maneno hayo ndiyo yaliyotupotea, na hasara yake haikuishia darasani.

Lugha yetu, kwa kweli, imetutendea hisani kubwa ambayo hatuitumii. Mtoto wa Karatu aliyetumwa dukani anaujua mche wa sabuni. Ameuona ukikatwa vipande kwa uzi au kisu, na kila kipande kikabaki na sura ile ile ya upande wa mbele. Hiyo ndiyo maana ya mche katika jometria, haina nyingine. Pia, jina tulilolipa umbo lenye kitako cha duara na ncha moja, ni kichezeo alichokizungusha mavumbini. Tufe ni mpira. Mtoto anayezungumza Kiiraqw, Kidatoga, Kimaasai au Kihadza nyumbani, na Kiswahili shuleni, anayo maneno haya mikononi, si vitabuni tu. Halafu anaingia kidato cha kwanza, maneno yote yanabadilika kuwa ya Kiingereza, na sabuni inabaki dukani. Tunajua kinachofuata: katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya watano alifaulu Hisabati. Lugha si sababu pekee, lakini atakayeniambia si sababu kabisa itabidi anionyeshe njia.

Sasa tushuke Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi. Bonde lile linalima vitunguu kwa maji ya chemchemi, na vitunguu vyake vinajulikana katika masoko ya nchi hii na hata nje ya mipaka. Wanafunzi kadhaa wa darasa nililolitembelea wana ndugu huko. Wengine likizo zao huzimalizia shambani wakikata majani na kupanga magunia. Nilipowaomba wanichoree umbo wanalolijua bila kuliangalia kitabuni, kijana mmoja alichora gunia, na juu ya gunia akachora kilima. Darasa likacheka. Wote walilijua: lumbesa.

Kwa asiyeijua, lumbesa ni gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kichwa kwa kipande cha kiroba au wavu wa kamba, kikajazwa nacho na kushonwa. Linauzwa kama gunia moja. Mnunuzi hulilipa bei ya gunia, na mkulima hupakia huku akijua kuna kitu kimemponyoka asichokijua ukubwa wake. Tulikaa nalo gunia hilo kipindi kizima, na naomba msomaji akae nalo kidogo.

Tulichukulia gunia lililosimama ni mche duara wenye nusu kipenyo cha sentimita 28 na kimo cha sentimita 70. Kwa pai ya 22/7, ujazo wake ni sentimita za ujazo 172,480, yaani lita 172 na ushei. Tuseme hilo ndilo gunia la kilo 100. Juu yake tukaweka kichwa chenye kimo cha sentimita 42. Kikiwa kimechongoka kama pia, ujazo wake ni thuluthi moja ya mche duara wenye kitako na kimo hicho hicho. Ni sawa na kuongeza sentimita 14 za gunia la kawaida. Kumi na nne katika 70 ni moja ya tano. Kwa hiyo mkulima anayepakia lumbesa tano ametoa magunia sita na kulipwa matano. Na hapo tumempendelea mnunuzi, kwani vichwa vingi vya lumbesa havichongoki. Ni vya mviringo kama kuba. Kuba la namna hiyo ni thuluthi mbili, si moja. Linaongeza sentimita 28 katika 70, yaani mbili ya tano. Lumbesa tano, magunia saba.

Darasa lilitulia kwa namna ambayo sijaiona darasani kwa muda mrefu. Kijana aliyechora akauliza: "Kwa hiyo mjomba alitoa mawili?"

Hapo ndipo aljebra ilipoingia bila kubisha hodi. Bei ya gunia tuliiita b. Kwa gunia la haki, kilo moja ni b gawanya kwa 100. Kwa lumbesa iliyochongoka, ni b gawanya kwa 120. Tukaipa b thamani ya shilingi 120,000, bei niliyoichagua kwa urahisi wa kugawanya tu: kilo ya gunia la haki ni shilingi 1,200, kilo ya lumbesa ni 1,000. Amepoteza 200 katika 1,200, ambayo ni moja ya sita. Binti yule wa boksi la chaki akapinga mara moja. Mzigo uliongezeka kwa moja ya tano, iweje bei ipungue kwa moja ya sita? Hilo ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa na wanafunzi wangu wa chuo kikuu. Tuliiweka n mahali pa nyongeza na kulifukuza swali mpaka likajibika: ukiongeza sehemu moja juu ya tano, sehemu zinakuwa sita, na ile uliyoitoa bure ni moja kati ya hizo sita. Magazijuto peke yake isingetufikisha pale.

Najua pingamizi lililo midomoni mwa wasomaji wangu, hasa wanaharakati. Watasema mkulima wa Mang'ola anajua anaibiwa; anakubali kwa sababu lori ni la mnunuzi, vitunguu vinaoza, na deni la mbegu halisubiri. Ni kweli. Jometria haileti lori. Na sheria ipo: Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, inakataza kufungasha mazao kwa uzito unaozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo upo kwa kazi hiyo. Miaka nenda miaka rudi viongozi wamesimama majukwaani na kuipiga marufuku lumbesa, na lumbesa imewasikiliza na kuendelea na safari. Lakini nimehudhuria mikutano ya vijiji ya kutosha kujua tofauti kati ya mtu anayesimama kusema "tunaonewa" na mtu anayesimama kusema "katika kila magunia mia niliyolipwa, nimetoa mia moja na arobaini, na hesabu yake ni hii." Wa kwanza hujibiwa kwa pole. Wa pili hulazimisha mtendaji aandike kitu kwenye muhtasari. Na watumishi wa halmashauri wanaonisoma wakumbuke kwamba ushuru ukitozwa kwa gunia, kichwa cha lumbesa kinapita getini bila kulipa senti. Hasara hiyo ni yao pia.

Ukivuka lango la Loduare na kuingia Hifadhi ya Ngorongoro, gunia linageuka. Huko kilimo kimepigwa marufuku. Mfugaji ni mnunuzi wa mahindi, na kipimo anachouziwa ni debe au lile kopo la rangi la lita nne tuliitalo sado. Karatu mkulima anapunjwa kwa kipimo kinachofurika, na huko juu mlaji anaweza kupunjwa kwa kipimo kilichobonyezwa kitako. Kanuni ya mche duara inawahusu wote wawili. (Na ajabu yangu isiyoisha: watoto hawa wanakaa ukingoni mwa shimo lenye sakafu ya kilomita za mraba 260 hivi na kina cha mita 600 hivi, na hakuna aliyewahi kuwauliza lingechukua maji kiasi gani. Lichukulie kama mche duara, ni takriban kilomita za ujazo 156. Wageni wanalipia kulitazama. Sisi hatujalipeleka hata darasani.)

Huko huko Ngorongoro namba zimekuwa silaha. Tunaambiwa Mamlaka ilipoanzishwa mwaka 1959 wakazi walikuwa takriban 8,000, na sasa wamezidi 100,000. Eneo la Hifadhi ni kilomita za mraba 8,292, basi kila mtu alikuwa na wastani wa hekta 100 na ushei, leo hekta nane. Wanaohimiza kuhama huishia hapo. Lakini endelea kidogo. Waliohamia Msomera, wilayani Handeni, kuanzia mwaka 2022, walitangaziwa nyumba katika ekari mbili na nusu na shamba la ekari tano kwa kaya. Jumla ni ekari saba na nusu, hekta tatu hivi. Kwa kaya ya watu n, ni tatu gawanya kwa n. Kwa kaya ya watu sita, nusu hekta kwa mtu. Hesabu hii haimalizi hoja, na wanaharakati nao wasiikimbilie. Zile hekta nane hazikuwa za mtu. Alizichangia na wanyamapori na hakuruhusiwa kuzilima. Pia mifugo ikiongezeka polepole kuliko watu, mifugo kwa kila mtu inapungua hata kama jumla imepanda, kwa hiyo upande mmoja utasema mifugo imezidi na mwingine utasema wafugaji wamefukarika, na pande zote mbili zitakuwa zimesema kweli. Mgogoro huu umewagharimu watu makazi yao. Ni haki ya mtoto wa Endulen au Nainokanoka, siku akiwa mtu mzima mbele ya afisa mwenye jedwali, aweze kuliambia jedwali lile: onyesha njia.

Mtaala umeboreshwa, elimu ya lazima inasogezwa kufikia miaka kumi, na vitabu vipya vinaendelea kutoka. Ningewaomba wanaovitunga waache angalau sura moja ambamo umbo halina namba pembeni, na mtunzi wa mtihani awape alama watoto waliokosa jibu lakini njia yao ni sahihi. Darasa la watu sabini ni kikwazo, silifichi hilo. Lakini mche wa sabuni, kopo la rangi na gunia havihitaji bajeti ya maabara.

Wiki iliyopita yule mwalimu alinipigia simu. Watoto walikuwa wamekunja pia na mche duara kwa karatasi ya manila, kitako kimoja na kimo kimoja, wakavijaza mahindi ili kuhakiki ile thuluthi. Zilihitajika pia tatu na konzi moja ya ziada. Nusu ya darasa inasema manila ililegea upande mmoja. Nusu nyingine inasema kanuni ya kitabuni ina walakini. Aliniuliza awaambie nini, nikamwambia asiwaambie, awape karatasi nyingine.