Hewa ya ukaa kuwa mafuta ya ndege: Kila kitu kinagota kwenye utando

Kampuni ya Twelve ya California, Marekani, inataka ndege ziruke kwa mafuta yanayotokana na hewa ya ukaa, maji na umeme. Mwaka 2023 ilitangaza ujenzi wa kiwanda chake mjini Moses Lake, jimbo la Washington.

Wazo linavutia. Lakini kwa yeyote anayeingia kwenye teknolojia hii, mtihani mkubwa uko kwenye kitu chembamba kama karatasi: utando.

Kazi yake nini?

Mtambo una pande mbili. Upande mmoja, umeme unageuza hewa ya ukaa kuwa monoksidi ya kaboni, malighafi ya mafuta. Upande wa pili, maji yanavunjwa na kutoa oksijeni. Utando unakaa katikati: unazuia gesi zisichanganyike, huku ukipitisha ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme.

Sasa zipite ioni zipi? Hapo ndipo penye ugomvi.

Njia tatu, shida tatu

Kwanza, utando wa ioni hasi. Huu unaweka mazingira ya alkali na kazi inakwenda vizuri. Shida ni kwamba alkali hiyohiyo inameza hewa ya ukaa na kuigeuza kabonati, ambayo inapenya hadi upande wa pili na kutoka tena kama hewa ya ukaa, safari hii ikiwa imechanganyika na oksijeni.

Hesabu haidanganyi: kwa kila molekuli inayogeuka monoksidi, nyingine moja inapotea. Nusu imekwenda! Kwa ethilini, malighafi ya plastiki, kati ya molekuli 4 zinapotea 3. Na hewa hiyo ilikamatwa kwa pesa.

Pili, utando wa ioni chanya, mfano Nafion, uliobuniwa DuPont miaka ya 1960. Upotevu unapungua, ila kwenye asidi umeme mwingi unaishia kutengeneza haidrojeni. Tena upande wa oksijeni unadai iridiamu, madini adimu ambayo sehemu kubwa hutoka Afrika Kusini. Juu ya hapo, Nafion imo kwenye kundi la PFAS, kemikali zisizooza kirahisi, ambazo mwaka 2023 nchi 5 za Ulaya zilipendekeza zibanwe.

Tatu, utando wa tabaka mbili, hasi na chanya. Unaokoa hewa ya ukaa, lakini unakula umeme zaidi.

Cha kuangalia

Kwa hiyo hakuna utando wa bure; kila mmoja una bili yake. Kampuni ikijisifu kwamba imefanikiwa, uliza mambo mawili: katika hewa ya ukaa iliyoingia, kiasi gani kimetoka kama bidhaa? Na utando umedumu muda gani? Maabara inaridhika na wiki kadhaa. Kiwanda kinataka miaka.