Tiba ya Mazungumzo Inapofika Nalasi

Njia ya kutoka Nalasi kwenda Songea hupitia Tunduru mjini, kisha huelekea magharibi na kuipita Namtumbo. Ni safari ya nauli kubwa kwa mkulima ambaye korosho zake bado ziko juu ya mti. Na uchukuliwe mfano wa kubuni wa mama mmoja mjane, mwenye miaka arobaini na kitu, aliyeuza kuku wake ili afunge safari hiyo. Kwa miezi mitatu hapati usingizi, kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, na shamba la mpunga limemshinda. Akiulizwa anaumwa nini, hujibu neno moja: "Mawazo." Daktari amempima malaria na shinikizo la damu, hakuona kitu, akampeleka kwa mnasihi.

Mnasihi ni kijana msomi, mpole, mwenye nia njema. Anafungua dodoso la maswali tisa na kumtaka mama aseme kama, kwa wiki mbili zilizopita, kila dalili imemsumbua siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku. Kisha anamweleza jinsi fikra zinavyozaa hisia, anampa karatasi yenye safu tatu, na kumwomba aijaze kila anapozidiwa na huzuni, aje nayo wiki ijayo. Wiki ijayo mama haji. Katika jalada lake huandikwa kwamba ameacha tiba.

Neno hilo "ameacha" lastahili kuhojiwa. Mgonjwa huyu aliuza mifugo ili afike. Si mtu wa kusemwa kwamba hakutaka kupona. Na karatasi ya safu tatu si chombo kibovu: imetumika kwa miongo mingi kutibu sonona, na ushahidi wake ni mzito. Kilichokosekana ni mtu aliyefundishwa kukigeuza chombo hicho. Kijana yule alifundishwa hatua za tiba, akazikariri, akafaulu mtihani. Hakuwahi kuulizwa darasani angefanya nini endapo mgonjwa hashiki kalamu, au anaishika lakini nyumbani hana mahali pa kuficha karatasi iliyoandikwa siri za moyo wake.

Ubunifu katika tiba ya mazungumzo mara nyingi hudhaniwa kuwa ni kuleta rangi, ngoma na vinyago kliniki. Vyaweza kuwamo, lakini jambo lenyewe ni la msingi zaidi. Mtibabu mbunifu ni yule anayejua hatua fulani ya tiba imewekwa kwa kazi gani, hata akaweza kuifanya kazi ileile kwa njia nyingine. Karatasi ya safu tatu ina kazi moja kubwa: kumsaidia mtu atoke nje ya wazo lake na kulitazama kwa mbali. Kazi hiyo haihitaji karatasi. Mama wa Nalasi aweza kupewa gao la korosho na mkeka, akaombwa aweke korosho moja kwa kila jambo linalomwamsha usiku: deni la pembejeo, mtoto aliyeacha shule, shemeji anayedai shamba, sauti ya marehemu. Azipange kwa uzito. Aitenge ile moja anayoweza kuisogeza wiki hii. Hapo tatizo lililokuwa wingu limekuwa kitu kinachoshikika, na mazungumzo ya kutatua tatizo, ambayo ni tiba yenye ushahidi wake, yameanza bila herufi moja kuandikwa. Au aombwe asimulie habari za mama mwingine aliyepatwa na mambo kama yake. Waswahili wamezoea tangu zamani kuyasema kwa kinywa cha sungura yale ambayo mtu hawezi kuyasema kwa kinywa chake.

Nalasi haina uhaba wa walimu wa jambo hili. Ni nchi ya Wayao, na kusini yote ya Tanzania imelea jando na unyago kwa vizazi. Kungwi anayemkabili mwari ana kazi ngumu kuliko ya wanasihi wengi: amweleze binti mambo mazito ya mwili, ndoa, uzazi na kifo, mambo ambayo mama mzazi huona haya kuyatamka. Hufanya hivyo kwa nyimbo, mafumbo na maigizo, na mwari hutoka akiwa ameelewa. Haifuati kwamba mnasihi aziibe nyimbo hizo na kuzipeleka kliniki. Mengi ya unyagoni ni siri ya wenyewe, na mengine yanapingana na afya na haki za msichana. Linalofaa kuigwa ni ustadi wa kungwi wa kupima nini kisemwe waziwazi na nini kisemwe kwa fumbo, na lini fumbo lifumbuliwe.

Hata ramani ya familia ambayo mwanafunzi wa saikolojia hufundishwa kuichora huhitaji kugeuzwa. Mchoro wa vitabuni huanza na baba, mama na watoto chini ya paa moja. Kwa Wayao, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, kundi la dada na watoto wao huwa chini ya ulinzi wa kaka yao mkubwa. Wenyewe huliita mbumba. Mnasihi asiyelijua hilo aweza kumaliza vikao sita na mjane bila kumtaja mjomba, naye mjomba ndiye mwenye kauli juu ya shamba linalogombewa.

Afrika ina mifano iliyopimwa. Mjini Harare, nchini Zimbabwe, daktari bingwa wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa aliyejiua kwa sababu, pamoja na mengine, familia yake ilikosa nauli ya kumrudisha hospitalini. Mwaka 2006 akaanza kazi na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, wahudumu wa kujitolea, akiwafundisha tiba ya kutatua matatizo. Huduma ikatolewa kwenye mabenchi nje ya vituo vya afya. Mwanzoni alitaka benchi liitwe kwa jina la afya ya akili. Bibi wakakataa: nani atakayekaa hapo huku majirani wakimwona? Likapewa jina la urafiki. Nao hawakuuliza habari za sonona. Waliuliza habari za kufungisisa, neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, ambalo mama wa Nalasi angelitambua mara moja. Jaribio la kitafiti lililohusisha watu 573 na kuchapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida iliyoimarishwa. Yafaa kutazama ubunifu huo ulitoka wapi. Daktari alileta tiba. Jina, benchi na lugha, yaani vitu vilivyomfanya mgonjwa akae, vilitengenezwa pamoja na wanawake ambao hawakuwa na shahada.

Karibu zaidi na nyumbani, katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, watafiti waliotaka kutibu sonona vijijini walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe huzuni hiyo huiitaje, wakapata majina mawili ya Kiganda yanayokaribia kujichukia na kujihurumia. Kisha wakaendesha tiba ya makundi kwa wiki 16 katika vijiji 30, wanaume kwao na wanawake kwao, wakiongozwa na wenyeji waliopata mafunzo mafupi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2003, yaliwashangaza wengi waliodhani kwamba tiba ya mazungumzo ni anasa ya Wazungu.

Tanzania nayo imo. Huko Moshi, sambamba na Bungoma nchini Kenya, watoto 640 waliofiwa na mzazi walishiriki utafiti wa tiba ya majeraha ya nafsi, iliyotolewa na washauri ambao si wataalamu wa afya ya akili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Mwishoni mwa tiba, dalili za kiwewe zilipungua zaidi kuliko kwa huduma ya kawaida katika maeneo matatu kati ya manne: Kenya mjini, Kenya vijijini na Tanzania mjini. Eneo ambalo tofauti haikuonekana lilikuwa Tanzania vijijini. Wanaoamini kwamba tiba iliyofaa mjini itafaa vilevile kijijini wana jambo la kutafakari hapo.

Wapo wahadhiri wanaosema, na hoja yao si nyepesi, kwamba ukimruhusu mwanafunzi kubuni umemfungulia mlango wa kubahatisha. Leo atatumia korosho, kesho atatumia maombi, keshokutwa atakuwa mganga mwenye koti jeupe. Jibu limo katika mifano hiyohiyo. Tiba ya Moshi ilikuwa na mwongozo, idadi maalumu ya vikao, na usimamizi wa mara kwa mara. Bibi wa Harare wana hatua wanazozifuata. Mifupa ya tiba haikuguswa. Anayebadilisha mifupa bila kupima matokeo hafanyi ubunifu, anamfanyia mgonjwa majaribio bila ridhaa yake.

Na kuna mahali ambapo ubunifu hukoma kabisa. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mgonjwa anayeijua hofu hiyo, au anayeogopa aibu tu, husema "nimechoka", "nataka kupumzika", "watoto wangu wangekuwa bora bila mimi". Fumbo la namna hiyo halijibiwi kwa fumbo. Mtoa huduma anapaswa kuuliza kwa maneno ya wazi: je, unafikiria kujiua? Umepanga namna gani? Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, humfungulia mlango. Hali kadhalika mtu anayesikia sauti zisizokuwepo, au aliyeacha kula na kunywa, anahitaji daktari na dawa kabla ya mkeka wa korosho.

Mafunzo basi yabadilike vipi? Mtihani wa vitendo ungeweza kuwa na kituo kimoja ambapo mwanafunzi wa uzamili, bila karatasi na bila neno moja la Kiingereza, anamweleza mtu asiyesoma maana ya hofu kupita kiasi na namna ya kuituliza, kisha mtu huyo ndiye anayetoa nusu ya alama. Kila mwanafunzi angeshika daftari la mabadiliko: nini kilibadilishwa katika mwongozo, kwa sababu gani, na mgonjwa aliitikiaje, daftari lisomwe na msimamizi kila wiki, hata kwa simu. Na wiki kadhaa za mazoezi zifanyike mahali kama Nalasi, katika msimu wa korosho, ili mwanafunzi ajionee kwamba kikao cha saa nne asubuhi hakina mtu kwa sababu watu wote wako shambani.

Jambo hili lina haraka. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kuwafikia 137,294 nchi nzima, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Hao ndio watakaomsikia mama akisema "mawazo" kabla hajauza kuku. Wakifundishwa kusoma dodoso tu, watasoma dodoso.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Anayepewa zoezi asiloweza kulifanya nyumbani kwake anayo haki ya kulirudisha na kusema: hili halinifai, nipe lingine. Mnasihi aliyefundwa vizuri hataona amedharauliwa. Atavuta mkeka, amuulize mama anaona lianzie wapi.