Wakala Asiyeuliza Aandikiwe kwa Uwazi

Kila mtumishi aliyepata kufanya kazi katika ofisi ya umma anaijua thamani ya masjala. Faili lisipopatikana, barua haijibiwi na haki ya mwananchi hulala. Lakini anajua pia kwamba karani anayesema "faili hilo halipo" hakusema sawa na yule anayesema "sikuweza kulitafuta, kabati limefungwa." Majibu hayo mawili yakichanganywa, uamuzi unaofuata utapotoka, hata kama mwenye kuamua ni mtu mwaminifu na mwenye bidii.

Siku hizi zipo masjala za kompyuta, na anayetumwa kutafuta ndani yake mara nyingi si karani, bali ni programu ya akili mnemba iitwayo wakala. Wakala hupewa kazi, kisha huchagua mwenyewe zana za kuitimiza. Mnamo Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitangaza utaratibu wa wazi wa kuwaunganisha mawakala na zana, uitwao Model Context Protocol. Katika utaratibu huo zana hujitambulisha kwa jina lake, maelezo ya kazi yake, na orodha ya mambo inayotaka kuambiwa. Mara nyingi maelezo hayo machache ndiyo yote ambayo wakala anayajua kuhusu zana iliyo mbele yake. Kwa hiyo kuyaandika ni kazi ya dhamana, wala si kiporo cha kumaliziwa haraka haraka baada ya mafundi kukamilisha kazi yao.

Tutoe mfano. Waandishi wa programu hawaandiki kila kitu upya. Huchukua sehemu zilizokwisha kuandikwa na wengine, ziitwazo vifurushi, kutoka katika masjala za dunia nzima kama vile PyPI na npm. Watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani walizipima akili mnemba 16, wakachunguza vipande 576,000 vya programu zilizoandikwa nazo. Katika matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2025, walikuta majina 205,474 ya vifurushi ambavyo havikuwako popote. Mashine ilikuwa imeyabuni.

Hatari yake ni dhahiri. Mhalifu akilijua jina lililobuniwa, aweza kwenda kulisajili na kuweka ndani yake programu ya wizi, kisha akakaa akisubiri. Mwaka 2024 mtafiti mmoja wa usalama alieleza jinsi alivyosajili kifurushi kitupu kwa jina la namna hiyo ili kufanya jaribio. Katika miezi mitatu kilikuwa kimechukuliwa zaidi ya mara 30,000.

Dawa mojawapo ni kumpa wakala zana ya kuhakiki jina katika masjala kabla ya kuchukua kifurushi chochote. Lakini zana hiyo ikiandikiwa mwongozo mbovu, dawa itageuka kuwa maradhi mapya. Mwongozo unaosema tu "zana hii hutafuta vifurushi" haujasema kitu. Hapana budi ueleze ni wakati gani zana itumike na ni wakati gani isitumike. Ueleze maana ya kila jibu: kwamba namba 404 maana yake jina halikuonekana, ambapo namba 429 maana yake maombi yamezidi na wakala asubiri kabla ya kuuliza tena. Wakala asiyeelezwa hayo aweza kulichukulia kabati lililofungwa kuwa ni faili lisilokuwako. Tena ueleze mpaka wa zana yenyewe: kuonekana kwa jina katika masjala si hati ya usalama, kwani hata mhalifu husajili.

Aidha, mwongozo lazima uende na wakati. Desemba 2020 PyPI ilizima huduma iliyokuwa ikitumiwa na amri ya kale ya kutafuta, pip search, kwa sababu ya wingi wa maombi. Hata hivyo maandishi ya zamani yanayoisifu amri hiyo yangaliko, na akili mnemba hujifunza kutokana na maandishi. Mwongozo usiotamka kwamba njia hiyo imefungwa unamwacha wakala abishe hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Wapo wanaodai kwamba akili mnemba ina werevu wa kutosha, itaelewa yenyewe. Madai haya hayana msingi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na mtumishi mgeni asiyeelewa waraka humwendea mwenzake akamwuliza. Wakala mara nyingi haulizi. Palipo pengo hujaza lile linaloelekea kuwa kweli, na hiyo ndiyo tabia iliyozaa majina ya uzushi. Wala dawa si kurundika kurasa, maana kila neno analolisoma wakala huchukua nafasi katika kumbukumbu yake ya kazi, ambayo ina kikomo. Kinachotakiwa ni ufupi usioficha jambo.

Jambo hili si geni. Mwongozo wa kwanza wa mfumo wa Unix, ulioandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie mwaka 1971, uliieleza amri kwa jina, matumizi na maelezo, na ulikuwa na sehemu maalumu ya kutaja kasoro zake. Mficha uchi hazai. Mwandishi anayeficha kasoro ya zana yake humwuza anayeitegemea.

Walimu na watumishi wa umma wasidhani kwamba haya ni ya mafundi peke yao. Anayeyajua majibu ya masjala ni yule anayeishi nayo kila siku, na anayejua kufundisha uandishi wa maelekezo ni mwalimu. Pale ofisi inapoamua kumkabidhi wakala masjala yake, watu hao waitwe mezani mapema, waandike kwa uwazi, kisha waujaribu mwongozo wao kwa maswali yenye majibu wanayoyajua kabla ya kuutegemea kwa maswali wasiyoyajua.