Si Kila Bakteria ni Adui

Sisi madaktari tumewafundisha wananchi kuogopa bakteria. Leo nawatetea.

Ndugu msomaji mwenye shamba Kericho au Bomet, ng'oa mche wa maharagwe unaochanua. Mizizini mna vinundu. Pasua kimoja: kikiwa chekundu ndani, bakteria waitwao raizobia wamo kazini, wakigeuza naitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea. Wekundu huo ni wa protini yenye madini ya chuma, jamaa ya ile ya damu yetu.

Chuo Kikuu cha Nairobi kilivumbua Biofix, bakteria wa paketi wa kuchanganywa na mbegu kivulini, kwani jua huwaua. Lakini udongo wa majani chai una asidi; pasipo chokaa hawastawi.

Mbona daktari aingilie shamba? Mama mjamzito aliyepungukiwa damu humwandikia vidonge. Maharagwe hayamo sahanini. Misimu imevurugika, na mwaka 2022 bei ya mbolea ilitushtua. Bakteria hawaleti mvua, ila hupunguza gharama ya kupanda upya.

Maofisa wa kilimo wapeleke paketi pamoja na chokaa. Moja bila nyingine ni nusu dozi.