Alama za Kamusi na Heshima ya Watu

Yapo maneno katika kamusi za Kiingereza ambayo hubandikwa alama mbili kwa pamoja: kwamba ni ya misimu, na kwamba ni ya lahaja ya Wamarekani Weusi. Wapo wanaoziona alama hizo kuwa ni tusi. Wanauliza kwa nini misimu ya mabaharia au ya askari itajwe kwa kazi ya wasemaji wake, lakini ya Weusi itajwe kwa rangi yao. Watetezi wa kamusi hujibu kwamba kamusi haimtukani mtu. Kazi yake ni kueleza neno limetoka wapi na linatumiwa na nani.

Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Kutaja asili si kosa hata kidogo. Neno "goober", ambalo kwa Wamarekani wa majimbo ya Kusini maana yake ni karanga, ndilo "nguba" la Kikongo, nalo lilivuka Atlantiki pamoja na watu waliofungwa minyororo. Kwa miaka mingi wataalamu wa Marekani walishikilia kwamba watumwa hawakubakiza cho chote cha maana cha lugha zao, na kwamba usemi wa Wagullah, walioko mwambao wa South Carolina na Georgia, ni Kiingereza kilichoharibika tu. Mwaka 1949 Lorenzo Dow Turner, bingwa wa lugha na mwenyewe Mmarekani Mweusi, alitoa kitabu chenye maelfu ya majina na maneno ya Kigullah aliyoyafuatilia mpaka Afrika. Kuyafutia maneno hayo asili yake, eti watu wasiudhike, kungekuwa ni kuirudisha kasumba ile ile.

Ubaya umo katika kuifunga lahaja pamoja na misimu. Misimu huzuka na kupotea. Lahaja ina sarufi. Mmarekani Mweusi anayesema "he be working" hakukosea Kiingereza. Anasema kwamba mtu huyo hufanya kazi, ni desturi yake. Akitaka kusema kwamba anafanya kazi sasa hivi atasema "he working". Tofauti hiyo Kiingereza cha shuleni hakiionyeshi kwa njia hiyo, lakini Mswahili anaielewa mara moja, kwa kuwa anayo "hu-" yake. Wasemaji wa Kiamu na Kimvita nao wanalijua jambo hili. Tangu Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, maneno yao yamehesabiwa kuwa ya lahaja. Lakini nani mwenye akili timamu aliyewahi kuziita tenzi za Kiamu misimu?

Wala hili si suala la hisia tu. Katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan, wazazi wa watoto Weusi wa shule ya msingi iliyopewa jina la Martin Luther King walikwenda mahakamani kwa sababu watoto wao walikuwa wakihesabiwa kuwa wazito wa kujifunza. Mwaka 1979 Jaji Charles Joiner aliamua kwamba walimu walishindwa kuzingatia lugha ya nyumbani ya watoto hao katika kuwafundisha kusoma, akaiamuru halmashauri ya shule irekebishe kasoro hiyo. Mtoto aliambiwa hana akili, kumbe mwalimu ndiye asiyeijua lugha.

Ipo pia dhuluma ya upande wa pili, ambayo wanaotaka alama zote zifutwe hawaioni. Mwaka 1962 mwandishi Mweusi William Melvin Kelley aliandika katika New York Times juu ya maneno ya watu wake yanayochukuliwa na Wazungu, na kichwa cha makala yake kilikuwa na neno "woke". Mwaka 2017 kamusi ya Oxford ililiingiza neno hilo kwa maana yake ya kisiasa. Leo wanasiasa wa Marekani hulitumia kama tusi, na wengi wao hawajui limetoka kwa nani.

Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Harvard na kampuni ya Oxford walitangaza mradi wa kamusi ya Kiingereza cha Wamarekani Weusi, mhariri wake mkuu akiwa Henry Louis Gates. Humo, asili ya Kiafrika-Marekani haitahitaji kubandikwa pembeni kama onyo. Kamusi nyingine zingefanya vema kuanza na hatua ndogo zaidi: asili ya neno iandikwe na ibaki hata baada ya Wazungu kulizoea, na "misimu" yaitwe yale tu yaliyo misimu.