Mimba ya ubakaji: sheria imefungua mlango, nani ameufunga?

Tangu tarehe 14 mwezi wa tatu 2018, Itifaki ya Maputo imetangazwa katika gazeti rasmi la serikali ya Congo. Kifungu chake cha 14 kinaruhusu muganga kutoa mimba iliyotokana na ubakaji ao na mtu wa jamaa wa damu, ao inayohatarisha maisha ao afya ya mama.

Lakini kutangazwa huko hakukufuta kifungu cha 166 cha sheria ya makosa, kinachomfunga mwanamke aliyetoa mimba miaka 5 hadi 10. Kweli, Katiba, kifungu cha 215, inasema mkataba uliotangazwa unapita sheria za nchi. Muganga wa kijijini anajua hayo? Yeye anaogopa gereza tu.

Hapo ndipo dini inaingia. Kanisa Katoliki linapinga kutoa mimba, na ndilo linaendesha vituo vingi vya afya huku mashariki. Pahali pengi, kituo cha kanisa ndicho kile kimoja tu cha karibu. Wabunge nao wanaomba kura kwa waumini wale wale. Hakuna anayependa kugusa kifungu hicho.

Maaskofu wana haki ya kuhubiri imani yao. Ila kifungu cha 1 cha Katiba kinasema serikali haina dini. Serikali ikinyamaza, msichana aliyebakwa njiani kwenda shamba anabakia na dawa za majani, kwa siri, na hatari ya kufa.